Niligonga Glasi, Akaja Abundio

Msomaji aliyenifuata tangu mwanzo wa masimulizi haya anajua kwamba sikuahidi kujipamba. Niliahidi kukiri. Wiki iliyopita niliishia katika chumba cha karani Obdulia, siku niliyokwenda kukabidhi vitu vya ofisi baada ya kustaafu, pale aliponiambia neno lililobomoa miaka minane ya usingizi wangu mzuri.

Kwa anayeanza leo, nitaeleza kwa ufupi. Mimi, Leoncio Utrera, nilikuwa makamu wa mkuu wa shule ya sekondari hapa Veracruz. Miaka minane iliyopita karatasi ya mtihani wa hesabu ilivuja kabla ya siku yake. Kabati la mitihani lilikuwa na funguo mbili tu. Mmoja ulikuwa wangu, nao haukuondoka kiunoni mwangu. Wa pili ulikuwa wa Abundio Lagunes, mwalimu wa hesabu, rafiki yangu tangu tulipolala vitanda jirani katika shule ya bweni ya mabruda kule milimani, juu ya Xalapa. Niliandika taarifa ya kurasa nne. Abundio akafukuzwa baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha.

Obdulia aliniambia kwamba wiki ile yote ufunguo wa Abundio ulikuwa katika droo yake yeye, umefungiwa, kwa kuwa mfuko wa suruali ya mwalimu ulikuwa umetoboka naye alichelea kuupoteza. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Basi nilijiambia kuwa lazima ulikuwapo ufunguo wa tatu. Niliridhika na jibu hilo upesi mno.

Siku iliyofuata nilimpigia simu binti yangu Nieves, ambaye aliondoka nyumbani kwangu mwaka ule ule wa mtihani, akaenda kuishi kwa shangazi yake, na tangu hapo hakukanyaga tena mlangoni pangu. Nikamweleza niliyoyasikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, ana mimba ya miezi saba. La pili, kama nataka mtoto huyo aje aniite babu, nifike Jumapili saa nne asubuhi katika mkahawa wa La Perseverancia, nimtazame Abundio usoni, nimwambie nilikosea.

"Si kwa barua, baba," alisema. "Kwa mdomo wako."

Nilitii nusu. Niliandika barua ya kurasa mbili ili niisome kwa mdomo. Niliiandika upya mara kumi na moja, kwa kalamu ya wino, maana niliona kalamu ya kawaida haina heshima ya kutosha kwa kazi ile.

La Perseverancia siku ya Jumapili si mahali pa mtu anayetaka kutubu. Watu waliotoka misa wamekutana na watu waliotoka matembezi ya ufukweni, na wote wana njaa. Wapiga marimba wamesimama chini ya matao na kupiga kana kwamba wanalipwa kwa kelele. Watoto wanapita chini ya meza. Foleni ilikuwa imefika barabarani, nami nikajipanga nyuma yake, maana sijawahi kuruka foleni maishani mwangu wala sikukusudia kuanza siku ile.

Mama Chole, mwenye mkahawa, ambaye hugawa meza mwenyewe mlangoni, aliniona kutoka mbali akanijia.

"Mwalimu Utrera. Sisi tulishakuombea kama marehemu."

Nilimwambia nina miadi.

"Kila mtu hapa ana miadi na mayai," alisema, akanishika mkono, akanipitisha mbele ya foleni nzima huku nikipinga. Alinikalisha kwenye meza ndogo kando ya nguzo. Aliniambia kwamba meza hiyo imeshikwa tangu jana kwa jina la binti yangu, hivyo nisijifanye mtakatifu.

Kutoka pale niliwaona. Kwenye kona, meza ya mviringo, walikaa wazee watano wa shule yetu ya bweni, kama wanavyokaa kila Jumapili tangu tulipokuwa vijana wa kazi. Katikati yao alikaa Don Hermilo, mkaguzi wa shule wa kanda hii, aliyetutangulia darasa moja. Yeye ndiye aliyetia sahihi ya kufukuzwa kwa Abundio, juu ya taarifa yangu. Alininyoshea mkono nijiunge nao. Nilikuwa nimeacha kukaa kwenye meza ile mwaka ule ule, kwa kisingizio cha tumbo. Nikalisingizia tumbo langu tena, nikabaki nilipo.

Mhudumu aliniwekea glasi yenye kahawa nzito kiasi cha kidole kimoja kutoka chini, akaenda zake. Kwetu maziwa hayaagizwi kwa mdomo. Unagonga glasi kwa kijiko, na mwenye birika anakuja. Anamimina kutoka juu, urefu wa mkono mzima, wala haachi mpaka uinue kidole. Mkahawa wote unalia hivyo asubuhi nzima, kin-kin, kin-kin, hata mtu wa hapa haisikii tena sauti hiyo.

Nilitandaza barua yangu mezani, nikaipitia mara ya mwisho. Sentensi ya kwanza ilikuwa na maneno thelathini na manne.

Nieves alifika saa nne na dakika saba. Zamani ningelitaja hilo. Alikuwa amebeba tumbo lake mbele kama mtu anayebeba kitu alichokinunua mwenyewe. Nywele alizikata. Hakunipa shavu nimbusu. Alikaa, akamwagiza mhudumu mayai na maharagwe meusi, ndizi za kukaanga, na picada tatu, vile vikate vya mahindi, zenye jibini, akasema kwamba angalau watu wawili kati yetu lazima wale.

Nilimuuliza hali yake. Akasema mgongo unauma, mengine salama. Nilimuuliza kuhusu mumewe, nikaambiwa yuko melini mpaka mwisho wa mwezi. Nilimuuliza kazi yake ya ualimu inakwendaje, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule, akasema inakwenda.

"Na Abundio?" nikauliza. "Amekubali kuja?"

"Yupo."

Niligeuka kutazama mlango. Niliona foleni, kofia za wanawake, mtu mwenye kasuku begani. Abundio sikumwona. Nilidhani anaegesha gari, au amesita nje kama ambavyo mimi ningesita. Macho yangu yakiwa mlangoni bado, mkono wangu ukachukua kijiko, ukagonga glasi mara mbili.

Nieves alifumba macho.

Mkono ulipita kando ya bega langu, mkono wa shati jeupe, wenye birika. Maziwa yakaanza kushuka. Nikaona kwanza kidole cha mwisho cha mkono ule, kilichopinda kuelekea nje. Nilikijua. Kilivunjika ukutani tulipokuwa kidato cha tatu, usiku wa kuamkia mitihani, nami ndiye niliyekifunga kwa kamba ya kiatu changu.

Nikainua uso. Alikuwa Abundio Lagunes, amevaa aproni, nywele nyeupe kabisa, ananitazama bila kupepesa.

Kahawa ikawa ya hudhurungi, kisha ikapauka, kisha maziwa yakafika ukingoni.

"Baba," Nieves alinong'ona, "kidole."

Sikuinua kidole. Maziwa yakapita ukingo wa glasi, yakajaza kisahani, yakatambaa juu ya meza mpaka kwenye barua yangu. Wino ulianza kutembea. Nikaona sentensi ya maneno thelathini na manne ikiwa doa moja la buluu. Ndipo Abundio alipoinua mdomo wa birika.

"Mkono wako ulikuwa kimya, bwana," alisema. "Sisi huku hatuachi mpaka mteja aseme."

"Abundio."

"Kiranja Utrera. Naona bado unapiga kengele."

Kule shuleni nilikuwa kiranja wa bweni miaka miwili. Kila alfajiri saa kumi na moja niliipiga kengele ya mkono kando ya sikio lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mgumu wa kuamka, nami sikutaka kuonekana ninampendelea rafiki.

Alitoa kitambaa begani, akaanza kufuta. Aliinua barua kwa ncha za vidole, ikining'inia na kudondosha matone.

"Hii ilikuwa nini?"

"Ilikuwa yako."

"Basi imepata kahawa yake kabla yangu," akasema, akaiweka kwenye sinia pamoja na vyombo vichafu. Upande wa marimba glasi mbili zililia kwa pamoja. Akatuomba radhi kama anavyoomba mhudumu yeyote, akaondoka.

Nilimuuliza Nieves, kwa sauti niliyoilazimisha iwe tulivu, tangu lini. Aliniambia miaka sita. Kabla ya hapo Abundio alifundisha watoto wa majirani hesabu kibarazani, mpaka wazazi waliposikia alifukuzwa kwa sababu gani, wakawaondoa mmoja mmoja. Mama Chole ndiye aliyempa birika. Nieves mwenyewe hula hapa kila Jumapili, hukaa kwenye meza hii hii, ili amwone.

"Na wale?" Nilionyesha kona kwa macho.

Wakati ule ule Don Hermilo aligonga glasi yake huku akisimulia jambo. Abundio akafika, akazunguka meza yote, akamimina glasi tano. Vidole vitano vikainuka, kila kimoja kwa zamu yake. Uso hata mmoja haukuinuka. Walikuwa wamekula naye maharagwe yenye mawe miaka sita kule milimani, na sasa walimnyoshea vidole tu.

Nilipandwa na hasira, ile hasira safi niliyoizoea, inayonifanya nijione mrefu. Nilikuwa tayari kusimama, niwaendee, niwaambie wao ni watu wa namna gani. Kisha nikakumbuka kwamba dakika tano zilizopita nami nilimgongea.

Hasira ikaniishia miguuni.

Abundio alirudi na sahani za Nieves, ingawa si kazi yake. Alimuuliza kama mtoto amecheza leo. Nieves akasema amecheza tangu alfajiri, labda atakuwa mpiga marimba, Mungu apishe mbali. Walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaojuana. Nikaona kwamba katika miaka ambayo sikuwa na binti, mtu mwingine alikuwa anamuuliza habari zake kila Jumapili.

Nilisimama. Shuleni kwetu mtu hakiri kosa akiwa amekaa. Anasimama, mikono kando ya mapaja. Kiti changu kiliburuzika kwa kelele na watu wa meza tatu wakageuka.

"Abundio Lagunes," nilisema, "nilikushitaki kwa jambo usilolifanya. Sikumuuliza Obdulia. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilikosea."

Glasi iligongwa mahali fulani. Hakwenda.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kaa basi. Umeziba njia ya picada."

Nilikaa. Nyuma yangu mhudumu mwenye sinia alipita akiguna. Abundio alimtazama Mama Chole kwa mbali, akainua vidole vyote vya mkono mmoja, na Mama Chole akaitikia kwa kichwa kumruhusu dakika tano. Akaweka birika juu ya dirisha, akavuta kiti, akakaa kati yangu na Nieves.

"Nimeisubiri sentensi hiyo miaka minane," alisema. "Nilidhani siku nitakayoisikia nitakupiga, au nitalia. Kumbe miguu tu ndiyo iliyochoka."

Nieves alinishika mkono juu ya meza. Msomaji, nimeshikwa mkono na watu wengi wakubwa katika sherehe za kufunga mwaka, na sikumbuki hata mmoja wao. Huu naukumbuka ulikuwa na mafuta ya ndizi.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lau ningenyamaza, ningemaliza kahawa yangu na masimulizi haya yangeisha wiki hii kwa heri. Lakini mimi ni mtu niliyefundishwa kwamba jambo halijanyooka mpaka linyooshwe lote. Nikaanza kueleza mpango wangu. Nilisema kesho asubuhi nitakwenda ofisi ya mkaguzi, nitafuta taarifa yangu kwa taarifa mpya, nitataka jina la Abundio lisafishwe mbele ya walimu wote. Na zaidi ya hapo nitataka uchunguzi. Kwa maana kama ufunguo wa Abundio ulikuwa kwenye droo, basi ulikuwapo wa tatu, na mtu aliyeutumia alimtazama mwenzake akiangamia na akanyamaza. Mtu huyo nitamtafuta, awe yeyote, nitamtaja kwa jina lake.

Mkono wa Nieves ulitoka juu ya wangu.

"Leoncio," alisema Abundio, "liache hilo."

Nilimwambia siwezi kuliacha.

"Mimi ndiye niliyefukuzwa, si wewe. Nimetaka sentensi moja, nimeipata. Liache."

Nilimuuliza kwa nini anamkinga mwizi.

"Hakukuwa na ufunguo wa tatu, baba," alisema Nieves.

Abundio alimgeukia kwa haraka. "Tulikubaliana, binti."

"Tulikubaliana nikiwa na miaka kumi na minane, mwalimu." Hakunyanyua sauti. Aliisukuma sahani mbele, akaniangalia mimi. "Kila Jumamosi ulikuwa unaoga nusu saa. Ufunguo ulikuwa unautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, juu ya taulo. Nilikuwa na alama tano kati ya kumi za hesabu muhula mzima. Kila kadi ya alama niliisahihisha mwenyewe kabla hujaiona. Nilijua mtihani ule utaniumbua. Nikaenda shuleni kwa baiskeli, mlinzi alinijua, nikamwambia umenituma miwani yako. Niliinakili karatasi kwa mkono. Nikarudi kabla hujamaliza kunyoa."

Niliuliza swali la kijinga. Niliuliza ilienezwaje.

"Mwenzangu wa dawati aliiona daftarini. Basi."

Nilimgeukia Abundio. Nilitaka aniambie kwamba binti yangu amechanganyikiwa kwa ujauzito. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Swali la saba lilikuwa na kosa," alisema. "Asubuhi ya mtihani nililirekebisha ubaoni, mbele ya darasa zima. Yeye alijibu lile lenye kosa. Alilijibu vizuri sana."

"Ulijua tangu siku ile."

"Tangu niliposahihisha. Siku uliyoniita ofisini kwako nilikuwa na karatasi yake mfukoni."

"Na ukaniambia niandike ninachokiamini."

"Nilijua ungefanya nini kama ungejua. Ungemwandika yeye. Ana miaka kumi na minane, anafukuzwa shule na baba yake mwenyewe, kwa kurasa nne. Mimi nilikuwa nimeshaifanya kazi yangu. Yeye hakuwa na kitu."

Nilisema kwamba hakuwa na haki ya kuamua jambo hilo. Nilisema kwamba nisingefanya hivyo, kwamba mimi ni baba pia. Nieves alinikata kauli kwa upole.

"Ulisema, baba. Siku mwalimu alipofukuzwa. Tulikuwa tunakula, mimi na wewe na shangazi. Shangazi alisema umekuwa mkali mno kwa rafiki yako. Ukasema hata angekuwa mtoto wako ungeandika vilevile, wala kalamu isingetetemeka. Nilikuwa nimekaa mbele yako, nina tonge mdomoni."

Nakumbuka nilivyosema. Nakumbuka pia kwamba nilijisikia vizuri.

Glasi zilikuwa zinalia kila upande sasa, dakika tano zimepita, watu wa meza za mbele wanageuza shingo kumtafuta mwenye birika. Abundio hakusimama. Nieves alifungua mkoba wake, akatoa bahasha, akaiweka mbele yangu mahali palipokuwa pamekauka.

"Nimeandika yote. Nusu ukurasa tu. Nafundisha hesabu, baba, unalijua hilo? Darasa la tano na la sita. Kila ninaposimamia mtihani mikono inakuwa ya baridi mpaka watoto wananiuliza kama naumwa. Sitaki kujifungua nikiwa nimebeba na hili."

"Watakuondoa kazini," alisema Abundio.

"Najua."

"Na mimi sitarudi kwenye ualimu kwa sababu hiyo. Nina miaka sitini. Utakuwa umepoteza wewe, na mimi nitabaki na birika langu hili hili. Nani atakuwa amefaidi?"

"Sijasema kuna wa kufaidi, mwalimu." Kisha akanigeukia mimi. "Nataka uipeleke wewe, baba. Kesho, kama ulivyosema. Wewe ndiye unayejua njia ya ofisi ile. Nilitaka kwanza nione kama unaweza kusema ulikosea. Nikasema akiweza, nitampa. Umeweza."

Nitakiri hapa jambo ambalo nilikusudia kulificha hata katika masimulizi haya. Miaka hamsini na tisa nilijidhania najua nitafanya nini siku kama hiyo ikinifikia. Nilikuwa nimeshalitangaza hilo mezani, mbele ya mashahidi. Na bahasha ilipokuwa mbele yangu, wazo la kwanza lililonijia halikuwa haki, wala Abundio, wala shule. Niliwaza kwamba karatasi ile inachanika kwa urahisi. Nikawaza kwamba Obdulia amezeeka, hatakumbuka siku. Nikawaza kwamba Abundio amezoea.

Nilimwambia Nieves tuzungumze siku nyingine, nyumbani, kwa utulivu.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Nadhani alitazamia nimkaripie.

"Utrera," ilisema sauti juu ya kichwa changu. "Umekuja, halafu unatukwepa."

Alikuwa Don Hermilo, leso bado shingoni, anapita kutoka kunawa mikono. Alimsalimu Nieves, akalipongeza tumbo lake. Akamwona Abundio amekaa, akashangaa kidogo, akafanya ambacho sikukitegemea: alimwambia kwa utani kwamba meza ya kona inakauka. Abundio alisimama, akalichukua birika dirishani. Lakini hakwenda popote.

Macho ya Don Hermilo yalishuka mezani. Bahasha ilikuwa imelala uso juu. Mwandiko wa Nieves ni mkubwa na wazi, kama mwandiko wa walimu wote wa watoto.

"Naona jina la ofisi yangu," alisema.

Niliweka kiganja changu juu yake.

"Ni ombi la likizo ya uzazi," nikasema. "Nitalileta mwenyewe kesho."

Uongo ulinitoka mzima, umevaa na kuchana nywele, kana kwamba ulikuwa umesubiri mlangoni tangu utotoni. Sauti yangu haikutetemeka. Don Hermilo alicheka, akasema wakati wa kustaafu ndio kwanza nimekuwa tarishi, na kwamba kwa rafiki wa zamani anaweza kupunguza foleni. Akanyosha mkono.

"Nipe hapa hapa. Nitatia sahihi nikimaliza mayai yangu."

"Hapana haja," nilisema.

"Utrera, nipe."

"Baba anasema uongo, Don Hermilo," alisema binti yangu.

Alikuwa amenyooka kitini, mikono yote miwili mezani, na alikuwa amepauka. Sikumbuki kumfundisha kukaa hivyo, lakini ndivyo nilivyokaa mimi mbele ya mabruda.

"Si likizo," alisema. "Ni habari ya mtihani wa mwaka ule. Ni yako. Ifungue."

Don Hermilo aliacha kucheka. Alimtazama Nieves, akamtazama mtu mwenye birika, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka sita amemtambua. Mkono wake ulibaki umenyoshwa juu ya sahani.

Nieves alishika ncha ya bahasha, akavuta.

Mimi nilikuwa nimeikandamiza kwa uzito wangu wote.